Kumjibia Bi Mkubwa

Mume wangu alikuwa akimwamkia binti yetu kila jioni, na mimi kila jioni nilikuwa nikimwonea kijicho. Niseme hivyo mapema, maana watu wanapenda mama wa mtoto mgonjwa awe malaika. Mimi si malaika. Mimi ni fundi cherehani, nashona mapazia, na mdomo wangu unajulikana mtaa mzima.

Alikuwa akifika na harufu yake ya chuma kilichoungua, kwa sababu kazi yake ni kuchomelea mageti na vitanda. Ananawa kwenye bomba la uani, anapita jikoni, ananiuliza, "Vipi?" Namjibu, "Hivyo hivyo." Basi, mazungumzo yetu yamekwisha. Anaingia chumbani kwa mtoto. Chumba hicho hakina mlango. Tuliung'oa tulipoletewa kiti cha magurudumu kikawa hakipiti, na pale nikatundika pazia zito la kijani lililobaki kwenye kazi ya mteja mmoja. Likifungwa huoni kitu, lakini unasikia kila kitu.

"Shikamoo, mama," namsikia akisema.

Kimya kidogo. Halafu inakuja sauti ndogo, nyembamba, kama imebanwa puani.

"Marahaba."

Mimi huku jikoni nimezima jiko ili nisikie vizuri. Nikishasikia naliwasha tena na kugonga masufuria kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

Mtu asiyetujua atauliza, baba gani anampa shikamoo mtoto wake? Habari yenyewe ni hii. Mama yake mume wangu alifariki mimi nikiwa na mimba, na mtoto alipozaliwa akapewa jina la bibi yake. Basi mume wangu akawa haliiti jina hilo, anaita "mama" tu, kama ilivyo kawaida ya watu. Siku ya kwanza kurudi kutoka kazini baada ya uzazi wangu, alisimama mlangoni na miwani yake ya kuchomelea bado iko juu ya paji la uso, akasema kwa adabu zote, "Shikamoo, mama."

Mtoto mwenyewe hata shingo ilikuwa haijakaza. Mtoto mchanga akisalimiwa, anayemjibia ni aliyempakata. Aliyempakata nilikuwa mimi. Nikabana pua, nikatoa kijisauti: "Marahaba, mwanangu. Umeniletea nini?"

Tulicheka hadi mtoto akashtuka akalia. Kuanzia hapo ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Akirudi anaamkia, mimi namjibia mtoto. Watoto wa wenzetu walianza kwa kusema "mama" au "baba". Wa kwetu alianza kwa kusema "ahaba". Jioni moja baba yake aliamkia kama kawaida, na kabla sijabana pua, mtoto akajibu mwenyewe. Nikawa nimeachishwa kazi.

Kero ikaja baadaye kidogo. Yule mtoto aliamini kwamba "marahaba" ndiyo salamu yenyewe. Alikuwa akimwendea mtu mzima, anasimama mbele yake, tumbo nje, anasema, "Marahaba!" Mtu hata hajafungua kinywa. Alimwambia hivyo mwenye nyumba. Alimwambia hivyo mwalimu mkuu siku nilipokwenda kumwandikisha shule. Shangazi yake, dada wa mume wangu, alipaliwa na chai.

"Mtoto gani huyu anadai shikamoo kwa nguvu?" aliuliza akijifuta kifua. "Huyu si mtoto, huyu ni bi mkubwa."

Jina likamganda. Bi Mkubwa nyumbani, Bi Mkubwa mtaani. Lakini mimi niliona haya. Nimelelewa katika nyumba ambayo ukimpita mtu mzima bila kumwamkia unarudishwa kwa kofi, kwa hiyo nilimkalisha mtoto kwenye mkeka pembeni mwa cherehani nikamfundisha: mdogo anasema shikamoo, mkubwa anasema marahaba. Alishika haraka. Aliwaamkia watu wote vizuri, hata paka. Kwa baba yake tu sheria ya zamani ilibaki, na mimi niliwaachia wenyewe, ila sikuingia humo. Kumjibia kichanga ni sawa. Kumpa shikamoo mtoto niliyemzaa mwenyewe, hapana. Hayo yalikuwa mambo yao wawili.

Bi Mkubwa alikuwa na kazi nyingine nyumbani kwetu. Mimi na mume wangu tukigombana hatupigi kelele, tunanuniana. Na tukinuniana, tunamtuma mtoto.

"Mwambie baba yako chakula kipo mezani."

Baba mwenyewe amekaa pale pale, anasikia kila neno. Mtoto anavuka sebule kwa mikono nyuma kama karani. "Baba, mama anasema chakula kipo mezani."

"Mwambie mama yako nimesikia."

"Mama, baba anasema amesikia."

Tatizo ni kwamba alikuwa hafikishi ujumbe mkavu. Alikuwa akitia chumvi. "Baba, mama anasema chakula kipo mezani, na uache kununa." Mimi sijasema hivyo! Namtolea macho, yeye ananiangalia bila wasiwasi, baba yake ameinamia sahani mabega yanatikisika kwa kicheko. Nusu ya ugomvi wetu ilikufa kwa njia hiyo. Nyumba ile aliiendesha yeye.

Halafu akaanza kujikwaa. Mwanzoni tulimcheka, eti Bi Mkubwa miguu imezeeka. Akaanza kumwaga uji. Mwalimu akasema amekuwa mvivu, haandiki kwenye mistari. Ikaja degedege, akiwa na umri ambao watoto hawapati tena degedege, na baada ya hapo macho. Alikuwa akinyoosha mkono kuchukua kikombe, mkono unapita pembeni yake. Tulizunguka hospitali mpaka nikawajua walinzi wa mageti kwa sura, na mwisho tukafika kwa daktari mmoja mwanamke, mpole, miwani imening'inia kifuani kwa uzi.

"Ni ugonjwa wa nadra," alisema.

Neno nadra mimi nilikuwa nikilitumia kwa vitambaa. Hiki kitambaa ni cha nadra, hukipati popote, chukua kabla hakijaisha. Nilikaa pale nikimwangalia yule mama nikingoja aseme kitu kingine, neno jingine, lolote. Alieleza taratibu kwamba tumezaliwa nao katika damu, mimi nusu na mwenzangu nusu, hakuna aliyekosea. Alieleza kwamba hakuna dawa ya kuuzuia, zipo tu za kupunguza degedege na maumivu.

"Atarudi nyuma hatua kwa hatua," alisema. "Mara nyingi alichojifunza mwisho ndicho kinachotangulia kuondoka."

"Arudi nyuma mpaka wapi?" nilimuuliza. Nilimuuliza kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye aliyemtuma huko.

Alivaa miwani yake, akaivua tena. "Mpaka mwanzo," alisema.

Mume wangu alimshukuru. Mimi sikumshukuru.

Ikawa kama alivyosema. Ziliondoka hesabu, zikaondoka nyimbo za shule, yakaondoka majina ya watu. Ujumbe aliokuwa akitumwa ukaanza kupotea njiani. Nilimwambia mara moja, "Mwambie baba yako maji yamechemka," akaenda hadi katikati ya sebule, akashika ukuta, akasimama. "Mama anasema," alisema. "Mama anasema." Baba yake akainuka akamkumbatia, akaniambia, "Nimesikia." Hatukumtuma tena.

Siku neno "mama" lilipoondoka sikuijua. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Ningejua kwamba hii ndiyo mara ya mwisho ningeacha cherehani, ningemgeukia. Inawezekana kabisa nilimjibu, "Ngoja kwanza, nina kazi."

Watu nao wakaondoka. Sitaki kuwasingizia, hakuna aliyetutukana. Walikuwa wanaogopa tu, na mtu anayeogopa hana pa kuweka mikono. Wateja waliokuwa wakikaa na mimi wakipiga soga wakaanza kutuma vitambaa kupitia watu wengine, na vipimo kwa simu. Jirani yangu wa ukuta, tuliyekuwa tukiazimana hata vitunguu, akawa ananisalimia akiwa anatembea. Mimi nikabaki na cherehani, Bi Mkubwa kwenye kiti chake pembeni ya dirisha, kidole gumba kikisugua pindo la kanga yake, na redio. Redio nayo nikaizima kwa sababu ilikuwa inasema sana.

Na mume wangu? Mume wangu alikuwa anaondoka asubuhi na kuchukua kazi za ziada. Sikatai kwamba tulizihitaji. Lakini najua pia kwamba karakana ina makelele, na kwenye makelele mtu hafikiri. Hatukuwa tumegombana. Tungegombana ingekuwa nafuu, ila ugomvi wetu ulikuwa na tarishi wake, na tarishi hakuwepo tena. Tukawa watu wa "Vipi?" na "Hivyo hivyo."

Kwa hiyo unaelewa ile "Marahaba" ya nyuma ya pazia ilikuwa kitu gani kwangu. Lilikuwa neno la mwisho lililobaki ndani ya nyumba, na nililielewa: la kwanza kuingia ndilo la mwisho kutoka, daktari si alisema? Ila halikuwa langu. Mimi ndiye niliyekuwa namwosha, namgeuza asipate vidonda, nasaga chakula chake mpaka kiwe laini, nakesha naye kifua kikibana. Baba mtu anakuja na harufu yake ya moshi, anasema neno moja, anaitikiwa.

"Sema mama," nilikuwa nikimwambia mchana. "Sema ma. Ma tu." Nikimshika kidevu. Nikimwimbia. Alikuwa akigeuza uso kuelekea kwenye sauti ya cherehani.

Jioni moja nilishindwa kuvumilia. Mume wangu alikuwa anakunywa chai.

"Unamfanyaje mpaka anakujibu?"

Alikoroga chai ambayo ilikuwa imeshakorogwa. "Namwamkia tu."

"Mchana kutwa niko naye mimi. Hata mguno sipati."

"Labda ni sauti," alisema. "Sauti nzito anaisikia vizuri." Hakuniangalia. Nikadhani ananionea huruma, na huruma yake ikanikera kuliko jibu lenyewe.

Tuliporudi kwa daktari, yule mama akauliza kama kawaida yake kuhusu kula, kulala, degedege. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayejua jibu, kama mtoto bado anatoa maneno.

"Anatoa!" nilisema. Nilijisikia nikijivuna. "Kila jioni anaitika. Akiamkiwa anasema marahaba, wazi kabisa."

Daktari aliinua nyusi, akamtazama mume wangu. Mume wangu alikuwa anatazama viatu vyake, vile viatu vya kazi vilivyotobolewatobolewa na cheche. "Hilo ni jema," daktari alisema polepole, na hakuuliza tena. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nasema mimi peke yangu. Nilisema labda ugonjwa umesimama. Nilisema madaktari nao si Mungu. Mume wangu alisukuma kiti cha mtoto akikwepa mashimo.

Wiki ile ile shangazi yake Bi Mkubwa akaja. Huyu mwanamke ana mapungufu yake, lakini hakuacha kuja, na alipokuja alimshika mtoto mikono bila woga. Jioni alisikia salamu ya nyuma ya pazia, akalia kwa furaha, akajifuta kwa ncha ya kanga.

"Na wewe mwamkie," aliniambia. "Unapungukiwa nini?"

"Nimpe shikamoo mtoto niliyemzaa?"

"Wifi," alisema, "kiburi hicho utakaa nacho peke yako."

Nilimjibu jibu ambalo siwezi kuliandika. Lakini maneno yake yaliniingia. Kesho yake, mume wangu kashaondoka, nilisimamisha cherehani katikati ya mshono. Nilifunga mlango wa mbele, maana nilimwonea haya hata jirani. Kulikuwa na ovaroli kuukuu la mume wangu nyuma ya mlango, limejaa harufu ya chuma na jasho. Nikalivaa. Ndiyo, nililivaa, likaniburuza, mikono ikapita vidole. Nikapiga magoti mbele ya kiti cha Bi Mkubwa, nikamshika mkono, na nikasema kwa sauti nzito kadiri nilivyoweza:

"Shikamoo, mama."

Alikuwa macho. Macho yake yalikuwa wazi, meusi, mazuri kama zamani, yanatazama mahali ambapo mimi sipo. Kidole gumba kilikuwa kinasugua pindo.

"Shikamoo, mama."

Nilimngoja. Nilisikia bomba la jirani likifunguliwa na kufungwa. Nilimngoja mpaka magoti yakafa ganzi. Nilisema tena, nikasema kwa sauti yangu mwenyewe, nikasema nikilia, halafu nikasema kwa hasira. "Hata neno moja? Mimi sistahili hata neno moja?" Nilimtikisa mkono. Nilimwambia maneno ambayo mama hamwambii mtoto, kwamba sawa, ampende baba yake, mimi nibaki kuwa mtumishi. Kidole gumba kilisimama kidogo. Kisha kikaendelea.

Jioni, nyuma ya pazia, nikasikia, "Shikamoo, mama." Na baada ya kimya kidogo, "Marahaba." Nilipakua chakula nikaenda kulala nimegeukia ukutani. Siku zile nilimlisha mtoto na kumwosha bila kumwimbia. Nilikuwa nimemnunia mtoto ambaye haoni kama nimenuna. Ni upweke wa ajabu sana huo.

Kisha kukawa na ile jioni ya mvua. Wingu lilikuwa limeshuka, nikakimbilia uani kuanua shuka. Dirisha la chumba cha Bi Mkubwa linatazama uani, na kamba ya nguo inapita hapo hapo. Nilikuwa nimejaza shuka mikononi niliposikia sauti ya mume wangu ndani.

"Shikamoo, mama."

Nikasogea. Nilitaka kuona uso wa mtoto anapolisema. Nilijiambia nitaona tu, sitamwonea mtu wivu.

Alikuwa amechuchumaa kando ya kitanda, ameuweka mkono wa mtoto kwenye shavu lake. Bi Mkubwa alikuwa amelala usingizi, mdomo umeachama kidogo. Mume wangu alikuwa anaitazama midomo ile. Alikuwa anangoja, anangoja kweli kweli, kama mtu aliyetega sikio mlangoni. Kisha akafumba macho. Akabana pua kwa vidole vile vyenye makovu ya moto, na kutoka kwenye kifua kile kipana ikatoka sauti ndogo, nyembamba.

"Marahaba."

Sauti ile niliijua. Haikuwahi kuwa sauti ya mtoto. Ilikuwa ni sauti yangu, kile kijisauti changu nilichokuwa nikimjibia alipokuwa kichanga. Alikuwa amekihifadhi miaka yote.

Mvua ilianza nikiwa nimesimama pale. Shuka zote zililowa. Nilipoingia jikoni nilimkuta amesimama, amechukua taulo, akaniona nilivyo, akaangalia dirishani, akajua.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

Alikaa. "Tangu wakati unamshonea lile gauni la maua."

Gauni lile lilikuwa limeshambana.

"Jioni moja hakuitika," alisema. "Nikarudia, hakuitika. Nikakusikia huku umezima jiko. Nikajua unasikiliza. Nikaona nikitoka bila jibu nitakukuta hapa, na sitajua nikwambie nini."

"Ukaona unidanganye."

"Nikaona nimjibie. Jioni ile tu. Kesho yake nikasema namngoja ajibu mwenyewe." Alikunja taulo, akalikunjua. "Kila siku namngoja kwanza. Sijawahi kuanza mimi kabla ya kumngoja."

"Kwa daktari nilijivuna! Uliniacha nikajivuna!"

"Ulikuwa umefurahi," alisema. "Nilikuwa sijakuona umefurahi siku nyingi."

"Nilivaa ovaroli lako," nilimwambia. Hakuelewa. Nikamweleza yote, magoti, sauti nzito, bomba la jirani. Alianza kucheka, nami niliona kabisa kwamba kilikuwa kicheko cha zamani, cha kuinamia sahani, lakini kikamgeukia katikati akajifunika uso na taulo. Ningeweza kumshika bega. Sikumshika. "Umenifanya nimchukie mwanangu," nilisema, nikaenda kukamua shuka.

Hapo ndipo nilipojua nyumba yetu ilivyokuwa tupu. Kwa sababu sasa hakuna wa kudanganywa, mume wangu akawa anaingia nyuma ya pazia jioni bila kusema kitu. Anakaa. Anatoka. Mimi bado nilikuwa nazima jiko saa ile, mkono wenyewe unakwenda, na nilikuwa nasikia kiti kikilia anapokaa na kikilia anapoinuka. "Vipi?" nayo ikakatika. Nilikuwa na maneno ya kumwambia. Nilitaka kumwambia kwamba si yeye niliyemkasirikia. Nilitaka kumwambia kwamba mchana ni mrefu sana, kwamba kuna siku sauti yangu mwenyewe inanishtua ninapoitikia hodi. Lakini mimi na yeye hatujawahi kuambiana mambo kama hayo ana kwa ana. Sisi tunatuma.

Leo nilifunga cherehani mapema. Nilimwosha Bi Mkubwa, nikampaka mafuta, nikamvisha. Halafu badala ya kumlaza nilikaa kwenye kitanda chake, nikamvuta nikampakata. Amekuwa mrefu. Miguu ilining'inia hadi sakafuni, na kichwa ilibidi nikishike kwa kiganja, shingo haikazi. Nilimshika vile nilivyomshika siku ile ya kwanza. Yule daktari alisema mpaka mwanzo. Basi tumefika.

Nilisikia bomba la uani. Nilisikia viatu jikoni, vikasimama, maana jikoni hakukuwa na mtu na jiko lilikuwa limezimwa. Vikaja sebuleni. Vikasimama upande wa pili wa pazia, nikaona ncha zake chini ya pindo nililolishona mwenyewe. Hakusema kitu. Na mimi sikuweza kuanza, kwa sababu anayeanza si mimi. Anayejibiwa ndiye anayeanza.

Alikaa pale muda mrefu. Nikadhani ataondoka.

"Shikamoo, mama," alisema. Alisema chini chini, kama anayejaribu mlango ambao anajua umefungwa.

Nilimngoja Bi Mkubwa kwanza. Nilimngoja kama baba yake alivyokuwa akimngoja, nikitazama midomo yake. Kisha nikabana pua.

"Marahaba, mwanangu."

Ncha za viatu hazikusogea. Nikamsikia akivuta pumzi.

"Umeshindaje, mama?" aliuliza.

"Sijambo," kijisauti kilisema. Kilikuwa kimezeeka pamoja na mimi. "Mama anasema umechelewa. Mama anasema mchana ni mrefu, na kutwa nzima hana mtu wa kusema naye." Ujumbe wangu ulikuwa umeishia hapo, lakini najua jinsi Bi Mkubwa anavyofikisha ujumbe. "Na anasema uache kununa."

Kisha pazia likavutwa kidogo kwa chini, kama mtu ameshika pindo ili asianguke.

"Mwambie mama yako," alisema, na sauti ikamkatika, akaanza tena. "Mwambie mama yako nimesikia."

Bi Mkubwa alikuwa mapajani mwangu, macho wazi, kidole gumba kwenye pindo la kanga. Ujumbe ulikuwa wangu, na wa kuniletea alikuwa yeye. Tukamngoja, baba yake upande ule wa pazia, na mimi upande huu.